Miaka Arobaini ya Mkono wa Mihayo

Mkono wa kulia wa Mihayo Kapaya ulikuwa na umri wa miaka minane. Mihayo mwenyewe alikuwa na sitini na mmoja.

Kila Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi, mkono huo ulilishwa. Mihayo alikaa kwenye kiti cha chuma katika chumba cha kulishia, nyuma ya uwanja, akainua kwapa, mashine ikachomeka mrija mwembamba kwenye tundu lililotobolewa humo, na kwa dakika arobaini maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa yakapita taratibu kwenda kwenye kano na misuli iliyooteshwa maabara kwa chembe za mwili wake mwenyewe. Ulikuwa mkono mzuri, hakuna ubishi. Ngozi laini, msuli umejaa, hata vinyweleo vyeusi tititi. Ukiuangalia peke yake ungesema kijana huyu atafika mbali. Kisha unapandisha macho, unakutana na uso wa mzee ambaye hajapumzika tangu serikali mbili zilizopita.

Kalunde Msavila, mhasibu mkuu wa klabu ya besiboli ya Nyuki wa Tabora, aliingia na faili kwapani, akavuta kigoda akaketi.

"Umekuja kunipima au kunisalimia?" Mihayo aliuliza bila kufumbua macho.

"Vyote viwili, kaka."

"Anza na salamu basi. Kupimwa nimezoea."

"Haya, umeamkaje?"

"Kwa ubavu wa kushoto. Kama jana, kama juzi."

Kalunde alicheka kidogo, kicheko kisichofika popote. Kifungu cha kumi na nne cha mkataba kilisema mchezaji hatalalia ubavu wa kulia, hatabeba mzigo unaozidi kilo tatu, hataendesha baiskeli, wala hatafuga mbwa mkubwa. Miaka thelathini na saba Mihayo alikuwa amelala akitazama ukuta uleule. Kifungu hicho kiliandikwa na Kalunde akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwenye kalamu mpya na kiherehere cha kupanda cheo.

Alifungua faili, akatoa barua ya daktari. Mihayo alinyoosha mkono wa kushoto kuipokea, akamrudishia.

"Nisomee. Miwani nimeiacha nyumbani."

"Anasema mkono huu umefika mwisho. Utafanya Mtupo wa Ijumaa, labda, lakini ili umalize miaka mitatu iliyobaki lazima uoteshwe upya. Itakuwa mara ya tano." Akageuza ukurasa. "Na anasema mkono unapooteshwa unafyonza mwili mzima. Mara ile ya nne ulikaa kitandani miezi minne. Safari hii hana hakika kama moyo wa mgonjwa utahimili."

"Ameandika mgonjwa?"

"Ameandika mgonjwa."

"Fomu yako inaniitaje?"

"Mchezaji."

Mihayo alifumbua macho, akamtazama kwa upole uliomuuma Kalunde kuliko matusi. "Nimechoka, mdogo wangu. Si uchovu wa kukimbia, ule ukilala unaisha. Mimi nimechoka kuwa kabati la kuhifadhia mkono wa watu."

"Ungegoma..."

"Nikigoma nimevunja mkataba, narudisha bilioni kumi kwa kila mwaka uliobaki. Bilioni thelathini. Mimi nina kuku kumi na wawili, na mmoja anaumwa." Akafumba macho tena. "Nikiulegeza mkono makusudi, ile pete ya ligi ninayovishwa siku ya Mtupo inanisoma kila msuli, inajua. Nikishindwa kwa haki sidaiwi kitu, lakini huu mkono haujui kulegea. Ukisikia mpira unaamka wenyewe, mjinga huu."

Bilioni zake zilikwenda zinakokwenda bilioni za wachezaji: ndoa mbili, mabasi saba yasiyofika mwisho wa safari, binamu wenye mawazo mazuri ya biashara. Kalunde alikaa naye hadi mashine ikalia na mrija ukajichomoa. Walikuwa wamefahamiana muda mrefu mno, na yote waliyoweza kuambiana walikuwa wameshaambiana.

*

Tausi Maganga alikuwa mkurugenzi wa Nyuki kwa miezi mitatu tu. Alikuwa na miaka thelathini na minane, akili yake ilikwenda mbio, na alikuwa ametoka kwenye biashara ya betri za matrekta ambako, kwa maneno yake mwenyewe, kitu kikizeeka kinatupwa.

"Shikamoo mama. Kaa. Nieleze hili jambo kama unavyomweleza mtu sokoni," alisema, akisukuma pembeni kikombe cha chai. "Tuna mzee wa miaka sitini na mmoja kwenye orodha ya wachezaji. Mara ya mwisho kucheza mechi mimi nilikuwa darasa la tano. Hatumlipi mshahara. Lakini kulisha mkono wake kunatugharimu kuliko chakula cha timu nzima. Kwa nini?"

Kalunde alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge. Alijua siku hii ingefika. Kila mkurugenzi aliuliza, na kila mara alijibu kwa sauti ileile kavu.

"Marahaba. Ligi ya besiboli imechora mstari. Kila klabu inajumlisha mishahara ya wachezaji wake wote kwa mwaka. Jumla ikibaki chini ya mstari, hudaiwi. Ikivuka, unatozwa kodi ya anasa kwa ile ziada. Hukatazwi kuvuka. Ukitaka raha, unailipia."

"Unailipia kiasi gani?"

"Mwaka wa kwanza, asilimia ishirini ya ziada. Ukirudia mwaka unaofuata, thelathini. Wa tatu na kuendelea, hamsini. Ukijibana hata mwaka mmoja ukashuka chini ya mstari, unaanza tena kwenye ishirini."

"Na hizo fedha zinaliwa na nani?"

"Nusu inaingia mfuko wa wachezaji wastaafu. Nusu wanagawana klabu ambazo hazikuvuka. Shabaha ni kwamba tajiri asinunue wachezaji wote akawaacha wengine wakicheza na magongo ya mti."

Tausi aliitikia kwa kichwa. "Sawa. Sasa Mzee Mihayo anaingia wapi?"

"Anaingia hapa: ligi haiangalii umemlipa mtu kiasi gani mwaka huu. Inachukua thamani ya mkataba wote, inaigawa kwa idadi ya miaka ya mkataba. Wastani huo ndio unaohesabiwa." Kalunde alichukua vijiti vya meno vilivyokuwa mezani, akavipanga. "Mihayo alikuwa mrushaji bora Afrika nzima. Alitaka bilioni mia nne, zote ndani ya miaka kumi. Hiyo ni arobaini kwa mwaka. Sisi tulikuwa tumebakiza nafasi ya bilioni kumi tu kufika mstarini. Tukimsajili hivyo, tunavuka kwa thelathini kila mwaka. Basi tukamsajili kwa miaka arobaini. Fedha tulimpa zote katika miaka kumi ya mwanzo, lakini kwenye karatasi zikagawanywa kwa arobaini. Kumi kwa mwaka. Tukagusa mstari, hatukuuvuka."

"Na ligi ikakubali?"

"Teknolojia ya mikono ilikuwa ndiyo kwanza imefika. Madaktari walikula kiapo kwamba mkono wa kuoteshwa unaweza kurusha hadi miaka sabini. Hakuna aliyeuliza habari za mwenye mkono. Ligi wakaweka sharti moja: kila mwaka, mbele ya mkaguzi, mchezaji arushe mpira mmoja kutoka kwenye kichuguu cha mrushaji, uvuke kibao cha nyumbani, pale mbele ya mpigaji, bila kugusa ardhi. Huo ndio Mtupo. Ukivuka, yeye bado ni mchezaji. Usipovuka, mkataba unahesabiwa kwa miaka aliyocheza kweli."

"Kumi," Tausi alisema taratibu.

"Kumi. Wastani unarudi kuwa arobaini, na kila mwaka kati ya ile kumi tunakuwa tulivuka kwa thelathini. Mwaka wa kwanza bilioni sita. Wa pili tisa. Minane iliyobaki, kumi na tano kila mmoja. Mia moja thelathini na tano."

Tausi alivihesabu vile vijiti kwa ncha ya kidole. Nje, mashine ya kukata nyasi ilikuwa inajiendesha huku na huku uwanjani.

"Uwanja wenyewe hauuziki kwa bei hiyo," alisema. "Nani alitunga ujanja huu?"

"Mimi."

Tausi alivisukuma vijiti pembeni. "Mama, hapa wanakula watu mia tatu na arobaini na wawili. Wauza asali getini siwahesabu. Daktari amesema hana hakika. Hakusema mzee atakufa. Mtupo ufanyike Ijumaa, mkono uoteshwe, tusukume miaka mitatu. Mitatu tu. Baada ya hapo kaka yako akapumzike, mimi mwenyewe nitamjengea nyumba."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Kalunde. Angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

*

Alipitia njia ya nyuma kurudi ofisini, akasimama kwenye kichuguu cha mazoezi. Miaka tisa Mtupo ulikuwa ukifanyikia hapa, si uwanja mkubwa. Ilianza mwaka ambao uwanja mkubwa ulikuwa unabadilishwa nyasi, na baadaye ikawa mazoea kwa sababu palikuwa karibu na chumba cha kulishia. Wakaguzi walipapenda. Palikuwa na kivuli na kiti.

Kichuguu hiki alikijenga mwaka huohuo marehemu Msele, mtunza uwanja, mtu aliyeamini kwamba mitambo ya kupimia inadanganya. Alikuwa na kamba yake ya katani aliyoirithi kwa baba yake, mfugaji nyuki wa Sikonge. Aliifunga fundo pale pale panapotakiwa, mita kumi na nane na nusu kasoro vidole vitatu, akaihifadhi juu ya paa la stoo. Halafu masika ikanyesha wiki nzima, kamba ikalowa chapachapa, na Msele akashuka nayo hivyohivyo akapimia. Kila mfugaji nyuki anajua katani ikilowa inajivuta. Msele alijua pia, lakini siku hiyo alikuwa na haraka ya kwenda msibani.

Kalunde aligundua mwaka uleule, alipokuwa akilipa mkandarasi wa mifereji. Kwenye ramani ya mkandarasi umbali kutoka kichuguu hadi kibao ulikuwa mita kumi na saba. Alisoma mara mbili. Wiki moja kabla, Mihayo alikuwa amerusha, na mpira ulikuwa umevuka kibao ukiwa umebakiza kiganja kimoja kugusa ardhi.

Kalunde akafumba macho. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna namna nzuri ya kulisema. Akaikunja ramani, na kwenye fomu, ambayo mwaka ule ilikuwa bado mezani kwake, penye maneno "uwanja halali, mpira halali, mchezaji halali" akaweka sahihi yake. Mara tisa ameiweka. Mwaka wa nne wa sahihi hizo, klabu ndogo ya Sikonge, iliyokuwa ikingojea mgawo wa kodi ili ilipe taa, ilifungwa. Uwanja wao sasa ni shamba la alizeti. Na Mihayo, ambaye kwa haki angekuwa mstaafu tangu akiwa na miaka hamsini na miwili, alioteshwa mkono wa nne, akalala miezi minne akitazama ukuta.

Alijisemea kwamba alikuwa akiwatetea watu mia tatu. Ilikuwa kweli. Ilikuwa pia kweli kwamba hakutaka mtu ajue kazi ya ujana wake ilikuwa imegeuka nini. Alikuwa amebakiza miezi kumi na moja kustaafu, na angeweza kabisa kuondoka na keki ya kuagwa.

*

Ijumaa saa nne, gari la ligi lilijiegesha getini, akashuka Bwana Pazi, mkaguzi, Mzaramo mnene mwenye kofia ya kufuma. Alikuwa amekwisha kuja Tabora miaka sita.

"Nyie Wanyamwezi," alianza kabla hata ya salamu, "mmezoea kubeba mizigo hadi mnambebesha mzee wa watu mkono wa kijana."

"Na nyie Wazaramo mmezoea ngoma, ndiyo maana kazi yako ni kuja kutazama," Kalunde alimjibu, na wote wawili wakacheka kwa sababu watani hawana budi kucheka. Pazi naye alionekana hoi. Alikuwa na mitupo mingine minne wiki hiyo, mmoja wa bibi wa miaka sitini na minne huko Ziwani.

Mihayo alikuwa tayari kwenye kichuguu, amevaa jezi nambari kumi na tisa iliyompwaya mabegani na kumbana mkono wa kulia. Pazi akamvisha pete ya kipimo juu ya kiwiko. Tausi alisimama kando, mikono kifuani. Nyuma ya kibao kulikuwa na wavu, na juu ya wavu taa mbili, ya kijani na nyekundu.

"Haya mzee wangu," Pazi alisema. "Mmoja tu, tukanywe chai."

Mihayo alivuta pumzi. Uso wake haukuonyesha chochote, lakini mkono ulianza kutetemeka kwa hamu, kama alivyosema mwenyewe, mjinga ule. Alipinda, akainua goti la mzee, akarusha. Mpira ulitoka kwa kasi, ukaanza kuchoka njiani, ukashuka, ukashuka, ukapita juu ya ukingo wa kibao kwa upana wa vidole viwili.

Taa ya kijani.

"Yupo!" Pazi alipaza sauti, neno la kila mwaka. Tausi alipiga makofi, akashusha pumzi ndefu. Mihayo alibaki ameinama palepale, mikono magotini. Hakuna mtu aliyemwangalia isipokuwa Kalunde, naye aliona jinsi bega la kushoto, lile la umri wake halisi, lilivyoporomoka.

Pazi alimletea fomu na kalamu. "Hapa mama. Uwanja, mpira, mchezaji."

Kalunde aliishika kalamu. Sahihi ya kumi. Kisha akafungua mkoba, akatoa futi ya mafundi ya mita thelathini aliyoinunua asubuhi sokoni.

"Pima kwanza," alisema.

"Nipime nini?"

"Kutoka pale aliposimama hadi kwenye kibao."

Pazi alimtazama kama mtu aliyeongezewa mzigo wakati amekwisha kukunja ngata. "Mama Kalunde. Mimi roho yangu ilishapanda gari."

"Ishushe kidogo, mtani. Pima."

Tausi alisogea haraka. Alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba, "Mama, unafanya nini? Mama, tafadhali."

"Nafanya kazi yangu. Nimechelewa miaka tisa."

Walipima mara mbili, Pazi akishika upande mmoja na Kalunde akiwa amepiga magoti upande wa pili, gauni lake likijaa vumbi. Mita kumi na saba na vidole viwili. Pazi alikaa kwenye kile kiti cha kivulini, akavua kofia. Kalunde alimweleza yote akiwa amesimama: kamba, mvua, ramani, sahihi. Hakujitetea. Alipomaliza, Pazi aliikunja kofia yake mara mbili.

"Watakufunga," alisema.

"Inawezekana."

"Mtupo huu hauhesabiki. Inabidi arudie uwanja mkubwa, leo, kabla sijaondoka." Akamgeukia Mihayo kwa heshima. "Mzee, pole. Na pete inabaki mkononi. Lazima ujitahidi kweli."

Mihayo alimwangalia Kalunde, na Kalunde hakujua kama anachokiona ni hasira. Miaka tisa si kitu cha kumwibia mtu halafu ukasema samahani.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua, kaka."

Mihayo akaitikia kwa kichwa mara moja, akaanza kutembea kuelekea uwanja mkubwa.

Jua lilikuwa limepanda. Viti elfu kumi na nane vilikuwa vitupu. Mihayo alipanda kichuguu halisi, ambacho alikuwa hajakikanyaga tangu akiwa na miaka hamsini na mmoja, akakisugua kwa ncha ya kiatu kama zamani. Tausi alisimama kwenye mstari, simu mkononi, midomo ikicheza bila sauti. Kalunde alijua anawahesabu watu wake. Na yeye aliwahesabu: mpishi, dereva, yule mama wa tiketi mwenye mapacha.

Mihayo alirusha. Hakulegeza. Mtu yeyote aliyewahi kuona besiboli angeapa kwamba hakulegeza, maana alitoa sauti, na mwili mzima ulifuata mkono hadi akapiga goti. Mpira ulikwenda vizuri, ukaanza kuchoka palepale ulipochokea mara ya kwanza, na mita moja kabla ya kibao ukagusa ardhi, ukatimua kavumbi kadogo, ukabingirika hadi kwenye wavu.

Taa nyekundu. Pazi alisoma pete, akaisoma tena.

"Amejitahidi kwa mia," alisema. Neno hili la Mtupo ulioshindwa hakuwahi kulitamka Tabora. "Amekoma."

Tausi aligeuka akaondoka bila kumtazama mtu, simu ikiwa tayari sikioni, akimwambia mtu awaite wanasheria. Pazi aliandika. Alimpa Kalunde fomu, naye mara hii akaisaini penye "mchezaji hayupo", kisha akachukua fomu ya pili, ile ya mfuko wa wastaafu ambao ungepokea nusu ya bilioni zile mia na thelathini na tano. Mstari wa kwanza ulitaka jina. Aliandika: Mihayo Kapaya. Herufi zilikwenda upande.

Aliponyanyua macho, Mihayo alikuwa ameshuka kichuguu. Alivua pete, akaiweka chini. Akatazama nyasi kama mtu anayechagua mahali. Kisha akajishusha polepole, goti kwanza, halafu kiuno, akalala kwa ubavu wa kulia, mkono ule wa bilioni mia nne ukiwa chini yake, shavu juu ya kiganja.

Pazi aliinuka kwa hofu. "Mzee kaanguka! Ita daktari!"

"Hajaanguka," Kalunde alisema, akimshika mkono wa shati. "Amelala. Mwache."